Sakafu Iliyokataa Rangi

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Daftari hili nimelinunua kwa sababu moja tu: ili mtu asije akasema sikumwambia. Miaka kumi na mmoja nimepaka rangi sakafu za mbao, hapa Nakuru, Njoro, mpaka Dundori, na nimejua kwamba mteja husikia anachotaka kusikia. Ukimwambia sakafu itakuwa nyekundu ya giza, yeye husikia nyekundu. Siku ya mwisho anasimama mlangoni, mikono kiunoni, anakuuliza hilo giza limetoka wapi. Safari hii kila neno nitaliandika, pamoja na tarehe.

Naandika Kiswahili. Askari akilikuta daftari limeandikwa Kikikuyu atasema ni orodha ya waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na mimi siwezi kukaa kituoni nikieleza habari za msasa na vanishi.

Kazi yenyewe ni ukumbi mpya wa kanisa letu hapa lokesheni, mtaa wa Waafrika. Sakafu ni mutamaiyo mtupu, ule mzeituni wa mwituni, zawadi ya wapasuaji mbao wa Elburgon walio washirika wetu. Ufunguzi ni Pentekoste, tarehe tisa Juni. Kamati imeahidi kwamba sakafu ikitoka vizuri wataniandikia barua ya kuniajiri fundi wa kanisa. Pasi yangu ya kukaa Nakuru inaisha mwisho wa Juni, na Mkikuyu asiye na barua ya mwajiri hapati nyingine. Nikikosa barua tutarudishwa Nyeri, mimi na mke wangu Wamuyu na binti yetu Njoki, na huko sina hata mahali pa kuchimba shimo la choo. Kwa hivyo hii si sakafu tu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekutana na mwenyekiti wa kamati, Mzee Kosgei. Zamani alikuwa mwandalizi wa meza katika hoteli moja ya Wazungu, na sakafu ya hoteli ile haijawahi kumtoka kichwani.

"Fundi, mimi nataka nyekundu. Ile ya kung'aa. Mtu akisimama anaona kidevu yake."

Nikamwambia mutamaiyo una mistari yake ya kahawia na nyeusi, na rangi yangu ni ya unga, nakoroga na maji moto, inaingia ndani ya mbao. Haifuniki mistari. Akasema kwao mti huo wanauita emitiot na anaujua tangu utotoni, nisimfundishe. Sawa. Nimempa vipande vitatu vya mbao nilivyopaka, achague. Amechagua cha katikati. Nimeandika hapa: CHA KATIKATI.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Nimeanza kupiga randa upande wa madhabahu. Nafanya peke yangu. Kamati ilitaka kunipa vijana wa kwaya wanisaidie, nikakataa. Mtu akikusaidia leo, kesho anasema kazi ni yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Mwenye ufunguo wa ukumbi ni Kahiga, mfagiaji na mlinzi. Ni Mkikuyu mwenzangu, wa Murang'a, na pasi yake inategemea ufagio kama yangu inavyotegemea brashi. Ungedhani tungeongea. Ananisalimia, "Umeamkaje, fundi," anafungua, anaondoka. Kisha namwona dirishani, anachungulia. Nikiinua kichwa, hayuko.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Kanisani. Kahiga aliketi nyuma yangu. Sikuyasikiliza mahubiri vizuri.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua ya siku nne mfululizo. Nimemaliza randa, sasa ni msasa, na msasa ni kazi ya magoti. Leo nilishindwa kusimama. Wamuyu amenipaka mafuta ya mkia wa kondoo aliyoletewa na mama yake, mengi, mpaka yakateremka kwenye soksi. Nitajipaka kila asubuhi. Nilipotoka ukumbini Kahiga aliniuliza, "Umemaliza upande gani?" Anataka kujua ya nini?

Jumatatu, 29 Aprili

Mzee Kosgei amekuja na kile kipande cha katikati. Nilikikataa papo hapo. Kipande nilichompa kilikuwa chekundu cha giza. Hiki kilikuwa cheusi, na katikati kina duara. Nikajua kimebadilishwa. Nilimwambia hivyo, kwa heshima.

"Nani ibadilishe? Imekaa kwa nyumba yangu!"

Kumbe mke wake amekuwa akiweka sufuria ya chai juu yake wiki tatu, karibu na jiko. Moshi na chai. Mzee akasema basi hiyo ndiyo rangi anayotaka sasa, ameizoea. Nikamwonyesha daftari, tarehe tisa. Alisoma polepole, akacheka, akasema, "Wewe utakufa na makaratasi." Tukarudi kwa rangi ya kwanza. Ona sasa. Bila daftari ningekuwa napika chai juu ya sakafu nzima.

Alhamisi, 2 Mei

Leo nimepaka rangi theluthi ya kwanza, kutoka madhabahuni. Maji moto, brashi pana, kitambaa cha kufutia. Ilikuwa inaingia vizuri. Nilipofika katikati niligeuka nyuma kutazama.

Mabaka. Meupe-meupe, mapana kama sahani ya chai, yamekataa rangi kabisa. Rangi imekimbia imeacha mbao uchi. Nikarudia kupaka, ikakimbia tena. Na hayakutawanyika ovyo. Yamepangwa mawili mawili, yanakwenda kwa mstari kutoka dirishani mpaka madhabahuni, yanarudi.

Mbao hukataa rangi ya maji kwa sababu moja: mafuta. Mtu amemwaga mafuta kwenye sakafu yangu. Amekwenda nayo hatua kwa hatua.

Ijumaa, 3 Mei

Sikulala vizuri. Nimejiuliza nani anafaidika. Vijana wa kwaya niliowakataa. Yule fundi wa Kisii aliyetaka kazi hii kabla yangu. Lakini hao hawana ufunguo.

Mwenye ufunguo ni mmoja. Na mwenye mafuta ya taa ya kuwashia taa za ukumbi ni huyo huyo.

Jumatatu, 6 Mei

Nakwangua yote, naanza upya. Magoti yanawaka moto. Kahiga alisimama mlangoni akauliza, "Kwani imeharibika?" Sikumjibu. Mtu anauliza habari anayoijua.

Alhamisi, 9 Mei

Nimefunga uzi mwembamba mlangoni nilipoondoka jana, chini kabisa. Asubuhi uzi mzima. Kwa hivyo anapita dirishani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwaga unga wa msasa chini ya madirisha yote. Hakuna nyayo. Mjanja sana.

Jumapili, 12 Mei

Mama Adero wa kamati, yule mke wa dereva wa reli, alinishika mkono nje ya kanisa. "Fundi, mbona umekonda? Sakafu inakula wewe ama wewe unakula sakafu?" Nikamwambia kazi inaendelea. Huyu mama anauliza kwa wema, lakini anauliza mbele za watu.

Jumanne, 14 Mei

Nimepaka mara ya pili. Mabaka tena. Mengi kuliko mara ya kwanza, na sehemu nyingine kabisa, lakini mawili mawili vile vile. Nilikaa chini katikati ya ukumbi. Mwanamume mzima, nilitaka kulia. Zimebaki siku ishirini na sita.

Ijumaa, 17 Mei

Kamati imekuja. Mzee Kosgei, Mama Adero, na wazee wengine watatu ambao kazi yao ni kukohoa. Naandika yote jinsi yalivyokuwa.

Mzee Kosgei alisimama mlangoni, mikono kiunoni, kama nilivyojua angesimama.

"Hii ni ugonjwa gani?"

"Ni mafuta, mzee. Kuna mafuta yaliingia kwa mbao kabla sijapaka."

"Wewe ndiye unapaka. Mafuta ilitoka wapi?"

Mama Adero aliinama akayatazama mabaka kwa karibu. "Ai, hizi ni kama nyayo. Mtu wa miguu ya ndovu."

Hakuna aliyecheka. Nyayo. Neno hilo likakaa hapo katikati yetu. Mwaka huu, mjini hapa, mbele ya kamati yenye Mkalenjin na Mjaluo na Mkikuyu, ukitaja nyayo zinazoingia mahali palipofungwa, kila mtu anafikiria jambo moja: watu wa msituni. Mmoja wa wale wazee akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu hawakufurahia Mkikuyu kupewa kazi ya kanisa, na kuna watu hawafurahii kanisa lenyewe.

"Fundi," Mzee Kosgei akasema, "unashuku mtu?"

Niandike ukweli. Nilijua mlango umefunguka, na nilijua unakwenda wapi. Nikiwaambia sijui, kosa ni langu, na kosa likiwa langu barua haipo. Wamuyu alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba mwalimu wa Njoki amemsifu kwa hesabu.

Nikasema, "Mimi sitaji mtu. Nasema tu mwenye ufunguo ni mmoja."

Wakamwita Kahiga. Alikuja na ufagio mkononi, akauegemeza ukutani taratibu, akavua kofia.

"Kahiga, wewe unaingia hapa fundi akienda?"

"Naingia kufagia kila Jumamosi, mzee. Hiyo ndiyo kazi."

"Na dirishani unachungulia nini?" Hilo nililiuliza mimi.

Akanitazama. Hakujibu haraka. Mtu asiyejibu haraka, mbele ya kamati, amekwisha jibu. Mwishowe akasema, "Nilikuwa nakuangalia."

"Kwa nini?"

Akatazama kofia yake.

Mzee Kosgei alimwambia arudishe ufunguo. Mama Adero alisema, "Ngojeni kwanza, hata hatujamsikiza," lakini wale watatu walikuwa wamekwisha kukohoa kukubali. Ufunguo akapewa nani? Mimi. Ulikuwa na joto la mkono wake.

Jumamosi, 18 Mei

Kahiga amefutwa. Barua imekwenda ofisi ya pasi, ikisema ameondolewa kwa kuharibu mali ya kanisa. Ana mpaka Ijumaa tarehe saba Juni, kisha atapandishwa gari la moshi pamoja na mkewe. Nimesikia ana mtoto mchanga. Sikujua ana mtoto.

Nimekwangua sakafu kutwa. Nilijiambia sasa kazi itaendelea.

Jumanne, 21 Mei

Mvua. Nakwangua.

Jumamosi, 25 Mei

Leo sikwenda kazini asubuhi, mvua ilikuwa kubwa mno. Wamuyu alikuwa anafua uani, chini ya paa. Akaniita.

"Baba Njoki, hebu njoo uone suruali yako. Haishiki maji."

Nikaenda. Alikuwa ameitandaza ile suruali ya kazi juu ya jiwe, anaimwagia maji kwa kikombe. Sehemu nyingine zote zinalowa. Magotini maji yanateleza yanaanguka, kama juu ya jani la nduma. Akamwaga tena. Yakateleza tena. "Hii ni mafuta ya mama," akasema, anacheka. "Umeyashindilia mpaka kitambaa kimekuwa ngozi."

Mabaka mawili ya duara, mapana kama sahani ya chai.

Nilirudi ndani nikaketi kitandani. Mawili mawili. Kutoka dirishani, kwa sababu ndiko naanzia kupiga msasa penye mwanga, mpaka madhabahuni, na kurudi. Kila mahali nilipopiga magoti. Mara ya pili yalikuwa mengi zaidi kwa sababu magoti yaliuma zaidi, na nilijipaka zaidi.

Sikutaka kuamini. Nilichukua kipande cha mutamaiyo, nikakilaza sakafuni, nikajipaka yale mafuta, nikavaa suruali, nikapiga goti juu yake muda kidogo. Kisha nikakoroga rangi. Wamuyu alisimama akitazama, hakucheka tena. Baka likatoka jeupe, safi.

"Basi Kahiga?" akauliza.

Fundi wa miaka kumi na mmoja. Hata anayeanza kazi anajua usiguse mbao kwa mkono wenye mafuta. Mikono nilikuwa naiosha kwa sabuni mara tatu kwa siku.

Jumapili, 26 Mei

Kanisani. Kahiga alikuwako na mkewe na mtoto, kwenye benchi la mwisho, na benchi hilo halikuwa na mtu mwingine. Nimekaa kimya.

Jumanne, 28 Mei

Nimekwangua mara ya mwisho bila mafuta, juu ya gunia safi. Maumivu ni ya kutoa machozi. Leo nimepaka rangi.

Imeingia yote. Hakuna baka hata moja. Nyekundu ya giza, mistari ya kahawia inapita chini yake kama nilivyomwambia mzee. Ni sakafu nzuri kuliko zote nilizowahi kupaka.

Jumatano, 29 Mei

Mzee Kosgei amekuja kuona. Alivua viatu bila kuambiwa. Alitembea mpaka madhabahuni na soksi, akarudi, akanishika bega.

"Unaona? Tangu yule atoke, sakafu imekubali."

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Alhamisi, 30 Mei

Vanishi ya kwanza. Sentensi ile haitoki masikioni. Kadiri ninavyoifanya sakafu iwe nzuri ndivyo Kahiga anavyozidi kuwa na hatia. Kila ubao ulioshika rangi ni shahidi dhidi yake, na mashahidi nawapiga brashi mimi mwenyewe.

Wamuyu ananiwekea chakula na kugeuka.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekwenda kwa kamati. Walikuwa wamekutana kwa Mzee Kosgei kupanga mambo ya ufunguzi. Nilibeba suruali, kipande cha mbao, kopo la mafuta, na chupa ya rangi. Mke wa mzee alidhani nauza kitu.

Sikujua nianzie wapi, nikaanza kwa kazi. Nilijipaka mafuta mbele yao, nikavaa ile suruali juu ya niliyoivaa, nikapiga goti juu ya ubao. Wakanitazama kama mwendawazimu. Kisha nikapaka rangi, nikauinua ubao wauone.

Mama Adero ndiye alielewa kwanza. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Ni mimi," nikasema. "Tangu mwanzo. Kahiga hakugusa kitu."

Mzee Kosgei aliutazama ubao muda mrefu. "Umejua lini?"

"Jumamosi iliyopita."

"Wiki moja." Uso wake ulibadilika. "Jumatano mimi nimekuambia neno, na wewe umecheka."

"Ndiyo, mzee."

Akainuka akaenda kusimama dirishani. Nilingoja anitukane, na ningependa anitukane. Badala yake akasema, bila kugeuka, "Hata mimi sikumuuliza mara ya pili. Niliona anashika kofia, nikasema basi, ni yeye."

Mama Adero akasema, "Sasa tunakaa hapa tukihesabu makosa, na mtu atapanda gari la moshi Ijumaa. Andika barua, mzee." Akamtafutia kalamu mwenyewe.

Jumatatu, 3 Juni

Ofisi ya pasi haipokei mtu mpaka Alhamisi. Vanishi ya pili.

Jumatano, 5 Juni

Nilikwenda kumwona Kahiga chumbani kwake. Vitu vilikuwa vimefungwa kwa kamba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama nje, hakunikaribisha. Mkewe aliendelea kumnyonyesha mtoto, amenipa mgongo.

Nilipomaliza alisema, "Unataka kujua nilichokuwa nachungulia?"

"Ukipenda."

"Nilidhani umeletwa kunichunguza. Mkikuyu anapewa kazi ya kanisa ghafla, hataki msaidizi, hasemi na mtu, kila jioni anaandika kitabu. Nikasema huyu ananiandika mimi. Ningeyasema hayo mbele ya kamati?"

Nikamwambia nilikuwa naandika habari za rangi.

"Sasa najua," akasema, akafunga mlango.

Alhamisi, 6 Juni

Ofisi ya pasi tulikwenda watatu: Mzee Kosgei na barua yake, Kahiga, na mimi nyuma. Tulingoja kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa sita. Kahiga aliketi upande mmoja wa mzee, mimi upande wa pili.

Karani aliisoma barua mara mbili. Ni kijana wa miwani, si mkali, amechoka tu.

"Barua inasema Kahiga hana kosa. Ilikuwa makosa ya kazi. Ni sawa. Lakini kwa faili imeandikwa mali ya kanisa iliharibiwa. Siwezi kufuta jina niache nafasi wazi, bwana mkubwa ataniuliza. Makosa ya kazi ya nani?"

Nilishtuka. Nilidhani jina langu limo. Nikamtazama Mzee Kosgei, naye akatazama dari. Ndipo nikaelewa kwamba aliliacha makusudi. Alikuwa amenihurumia. Aliona sakafu ile, akafikiria Njoki, akaniachia upenyo.

"Mzee?" karani akauliza.

Mzee akajikuna kidevu. "Ilikuwa... mambo ya mvua. Mbao ilikuwa na unyevu."

Karani akaweka kalamu chini. "Mvua siwezi kuiandika. Kama hakuna mtu, jina la kwanza linabaki."

Kahiga alikuwa amekunja mikono kifuani, anatazama ukuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujua itakavyokuwa. Alikuwa na haki ya kunionyesha kidole. Hakunionyesha. Labda hakutegemea chochote kutoka kwangu.

Nikasogea mezani. Nikatoa pasi yangu nikaiweka mbele ya karani, imefunguliwa penye jina.

"Andika huyu," nikasema. "Fundi wa sakafu."

Akaitazama pasi, akanitazama. "Inaisha mwezi huu. Unajua nikiandika hapa hawataongeza?"

"Najua."

Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la Kahiga. Kisha akaanza kuandika langu, na Kahiga akageuka kutoka ukutani akaangalia mpaka karani alipomaliza.